Mazabodi ya Kampuni Gani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa anayeunda kompyuta ya mezani, anayebadilisha mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta, "motherboard") iliyokufa, au aliyetajiwa bei dukani Kampala na sasa anataka kujua kama anauziwa kitu cha maana. Maswali mengi yametoka kaunta. Mengine hutumwa kwa WhatsApp kutoka Arua, Busia, Mbarara na Hoima, na wenzetu ambao fundi wa karibu hayuko karibu hata kidogo. Bei hatukuandika. Zinapanda na kushuka na dola, na bei ya mwezi uliopita huleta ugomvi tu.

Kwa kifupi, ipi ni bora: ASUS, Gigabyte, MSI au ASRock?

Hakuna. Tunajua si jibu ulilolifuata, lakini ukielewa kwa nini, utaokoa pesa.

Kampuni zote nne ni za Taiwan. Gigabyte na MSI zilianzishwa mwaka 1986, ASUS mwaka 1989, na ASRock ilizaliwa ndani ya ASUS mwaka 2002 kabla ya kuhamia chini ya Pegatron. Zote hununua chipseti, yaani chipu inayounganisha prosesa na sehemu nyingine za ubao, kutoka Intel au AMD. Chipu ya sauti mara nyingi ni ya Realtek, ya mtandao ni ya Realtek au Intel, kampuni yoyote uchukue. Kinachobaki mikononi mwa mtengenezaji ni mpangilio wa ubao, sakiti ya kulisha prosesa umeme, mabati ya kupoza, BIOS (programu ya ubao inayoiwasha kompyuta), na jinsi anavyokutendea kitu kikiharibika.

Ndiyo maana mazabodi mbili za kampuni moja, moja ya bei ya chini na nyingine ya kati, hutofautiana kuliko mazabodi mbili za kampuni tofauti zenye bei moja. Mtu anayesema "mimi ni wa ASUS tu" anaweza kununua ASUS ya chini kabisa, akaweka prosesa kubwa juu yake, kisha akashangaa kompyuta inapunguza kasi kila akifungua kazi nzito. Sisi tunachagua modeli kwanza, kisha muuzaji, na jina la kampuni mwisho.

Sawa, lakini tofauti ndogo zipo. Zitajeni.

ASUS ina BIOS iliyopangwa vizuri, na mtu asiye fundi hapotei. Majina ya kukumbuka ni PRIME kwa kazi za kawaida, TUF Gaming kwa kati, na ROG kwa wenye mfuko mnene. Kwa sifa zile zile, mara nyingi utalipa zaidi kidogo kwa sababu ya jina. Wakati wa kuuza mtumba, jina hilo hilo hukurudishia sehemu ya pesa.

Gigabyte zimejaa mjini, kuanzia ofisi za serikali hadi vibanda vya intaneti. Tatizo lake moja tunalirudia kila siku: modeli moja hutoka kwa matoleo kadhaa. Tazama pembeni mwa ubao, utaona maandishi madogo kama "REV: 1.0" au "REV: 1.2". Jina ni moja, ila vipuri juu ya ubao vinaweza kuwa tofauti na BIOS yake ikawa tofauti. Kabla ya kupakua chochote kwenye tovuti yao, chagua toleo lako.

MSI hupanga vizuri ngazi zake: PRO kwa ofisi, MAG kwa kati, MPG na MEG juu. Mfululizo wa Tomahawk umejijengea heshima kwa sakiti nzuri ya umeme kwa bei isiyotisha. Hata hivyo hawakukosa kujikwaa. Mazabodi zao nyingi za chipseti ya B450 zilitoka na chipu ya BIOS ya megabaiti 16, na prosesa za AMD za Ryzen 3000 zilipofika mwaka 2019 nafasi ikawa finyu. Ikabidi wapunguze mambo kwenye BIOS, halafu watoe matoleo yaitwayo MAX yenye megabaiti 32. Ukikuta B450 mbili za mtumba kwa bei karibu sawa, chukua yenye neno MAX.

ASRock ndiyo tunayopenda kumpa mwenye bajeti ndogo. Hukupa sehemu nyingi za kuchomeka kwa pesa chache. Biostar ni ya zamani kama Gigabyte na MSI, ni rahisi na inafanya kazi, ila utapata watu wachache wa kukusaidia mtandaoni, na hilo lina uzito ukiwa peke yako Nebbi usiku na kompyuta haiwaki.

Muuzaji ananiambia hii ni "mazabodi ya Intel". Ni kweli?

Karibu kila mara, hapana. Intel ilitangaza Januari 2013 kwamba inajiondoa kwenye kutengeneza mazabodi za kompyuta za mezani. Anachomaanisha ni kwamba inakubali prosesa ya Intel, au ameona neno Intel kwenye kibandiko cha chipseti. Mwulize jina la mtengenezaji na modeli kamili iliyoandikwa juu ya ubao. Akishindwa kukuonyesha, hapo unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Hizi mazabodi mpya za bei chee kutoka China, za H61, H81 na X99, zinafaa?

Inategemea unazinunua kwa macho wazi au la.

H61 ni chipseti ya mwaka 2011, na H81 ya 2013. Sasa unawezaje kupata mazabodi "mpya" ya H61 ndani ya boksi linalong'aa? Chipseti zimetolewa kwenye mbao kuukuu, zikasafishwa, zikalehemiwa juu ya ubao mpya. Kapasita na soketi (tundu la prosesa) ni mpya, roho yake ni ya zamani. Wengine huongeza nafasi ya SSD (diski ya kasi) ya M.2, jambo ambalo H61 za asili hazikuwa nalo, na hapo kompyuta ya zamani hupata uhai kweli kweli. Kwa duka la kuandika risiti tu, kwa mtoto anayejifunza kuchapa, kwa kibanda cha kutoa fotokopi karibu na chuo, inatosha.

Kinachokosekana ni kila kitu kinachokuja baadaye. Tovuti ya mtengenezaji aidha haipo au haina BIOS mpya. Jina la kampuni juu ya boksi linaweza kutoweka mwaka ujao. Sakiti ya umeme huwa nyembamba, kwa hiyo prosesa kubwa kama i7 juu yake ni kuitesa. Usalama wa BIOS usiutarajie.

X99 na X79 ni hadithi nyingine. Huananzhi, Machinist na wenzao hutengeneza mbao zinazopokea prosesa za Xeon E5 zilizotolewa kwenye seva zilizostaafu, pamoja na RAM za seva, na kwa bei ndogo unapata nyuzi nyingi (kazi ambazo prosesa hufanya kwa pamoja) za kuchakata video. Kijana anayehariri video za harusi anaweza kufaidi sana hapo. Ila zinakula umeme, na nyingi haziwezi kulala vizuri ukifunga kwa muda. Mwenye kulipia yaka (umeme wa kulipia kabla) kila siku anasikia tofauti. Ofisini au kwa mtu anayetaka kununua na kusahau, tunasema hapana.

Nina HP EliteDesk au Dell OptiPlex ya mtumba. Mazabodi imekufa. Naweza kuweka ya Gigabyte?

Swali hili linakuja kuliko yote, maana kompyuta nyingi za mezani nchini ni hizi zilizotumika ofisini Ulaya au Marekani. Jibu ni kwamba mara nyingi haiwezekani bila kubadilisha nusu ya kompyuta.

Mazabodi ya kawaida hupokea umeme kwa plagi ya pini 24. Dell, HP na Lenovo kwa mashine zao za ofisi hutumia plagi zao wenyewe: Dell pini 8 kwenye OptiPlex nyingi, HP na Lenovo mipangilio yao tofauti. Umbo la ubao nalo si la kawaida, matundu ya skrubu hayalingani, na swichi ya kuwashia ina kiunganishi cha pekee. Kwa hiyo ukitoa mazabodi, pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kasha) inabaki bila kazi, kasha linabaki bila kazi, na unabaki na RAM, diski na labda prosesa.

Njia ya busara ni kutafuta mazabodi ya modeli ile ile. Mjini zipo, kwa sababu mashine hizi huja kwa makontena na nyingine hukatwa vipuri. Nenda na namba iliyoandikwa kwenye ubao wenyewe. Picha ya kasha peke yake haisaidii, kwa sababu OptiPlex 7050 ndogo na OptiPlex 7050 ya mnara zina jina moja na mbao tofauti.

Onyo moja kuhusu Lenovo: baadhi ya mashine zao za Ryzen PRO hufunga prosesa kwa kampuni. Prosesa ikishawashwa mle, haifanyi kazi kwenye mazabodi ya kampuni nyingine. Ukiuziwa Ryzen PRO "ya kung'olewa" kwa bei ya ajabu, ijaribu kwenye ubao wako kabla ya kutoa hela.

Pamoja na usumbufu huo, ubora wa mbao hizi usiudharau. Zilitengenezwa kwa ofisi zinazotaka miaka mitano bila kelele. Ukitulinganishia OptiPlex ya kizazi cha 8 iliyotunzwa na kompyuta iliyoundwa juu ya H81 "mpya", tutachukua OptiPlex bila kufikiri.

Waranti ya miaka mitatu iliyoandikwa kwenye boksi, inanifikia Uganda?

Kwenye karatasi, mara nyingi ndiyo. Kwenye maisha, inapitia kwa muuzaji wako. Watengenezaji wakubwa kwa kawaida hawapokei mazabodi moja kutoka kwa mteja mmoja wa Mbale. Hupokea kutoka kwa msambazaji, msambazaji hupokea kutoka kwa duka, na duka ndilo linalokujua wewe. Mnyororo ukikatika popote, boksi linabaki na maandishi tu.

Basi maswali ya kumwuliza muuzaji ni haya, na uyaulize kabla ya kulipa. Waranti ni ya kwako wewe muuzaji au ya kampuni? Ni ya muda gani? Ikifa baada ya miezi minne, unanipa nyingine au unaituma nje na mimi nangoja? Nani analipa usafiri? Majibu yaandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya mfululizo ya mazabodi. Risiti inayosema "motherboard, 1" haina msaada wowote, kwa sababu hakuna kinachothibitisha kwamba ubao uliouleta ndio uliouziwa.

Mengine ya kujua: usibandue kibandiko cha namba ya mfululizo. Tunza kifuniko cha plastiki cha soketi, kwa sababu wengine hukataa ubao wa Intel au AM5 (soketi ya AMD) uliorudishwa bila hicho kifuniko. Na pini zilizopinda kwenye soketi kwa kawaida huhesabiwa kosa la mteja.

Kwa wa mbali: mazabodi inayorudishwa kwa basi ifungwe kwenye mfuko wake wa kuzuia umeme tuli na boksi gumu. Tumepokea ubao uliozungushiwa kaveera (mfuko wa plastiki) na gazeti, na kona imevunjika. Hapo hata muuzaji mwenye roho nzuri atakuwa na haki ya kukataa.

Ipi inavumilia umeme wetu?

Hakuna mazabodi inayovumilia umeme mbaya. Kinachoilinda kiko nje yake, na hapa ndipo tungependa pesa zako ziende kabla hujafikiria kupanda kutoka PRIME hadi TUF.

Umeme wa ukutani ni volti 240 kwa jina. Mkataba wa kampuni ya Umeme uliisha Machi 2025 na UEDCL, kampuni ya serikali, wakachukua usambazaji, lakini mwenye kompyuta anaangalia jambo moja tu: taa inafifia jioni kila mtu akipika, inazima, kisha inarudi kwa kishindo. Kile kishindo cha kurudi ndicho kinachoua. Kinapita kwenye pawasaplai kwanza. Pawasaplai nzuri huzima au hufa yenyewe na kuacha mazabodi nzima. Ile ya bure inayokuja na kasha, nyepesi ukiishika kama haina kitu ndani, hufa na kuondoka na wenzake.

Kwa hiyo kwa mpangilio: pawasaplai ya jina linalojulikana, kisha UPS (betri ya dharura) yenye kurekebisha volti ndani yake, kisha ndiyo mazabodi nzuri. Unaweza kupima mwenyewe bila kifaa chochote. Ingia BIOS, tafuta ukurasa unaoonyesha volti. Mstari wa volti 12 unapaswa kuwa kati ya 11.4 na 12.6. Ukiuona 11.2 unacheza juu chini, usilaumu mazabodi.

Inveta za sola za bei rahisi hutoa umeme wa mawimbi ya ngazi, na baadhi ya pawasaplai za kisasa huzichukia: zinavuma, au zinazima UPS ikibadilisha kwenda betri. Jaribu kabla ya kununua, au tafuta inveta ya mawimbi laini.

Ukigusa kasha la chuma miguu peku ukahisi kama unatekenywa, nyumba haina waya wa ardhi unaofanya kazi. Kichujio ndani ya pawasaplai kinatafuta pa kumwaga umeme na kimekuona wewe. Mwite fundi wa umeme, si wa kompyuta.

Na radi. Ukanda wa ziwa unapata radi nyingi, na watu huchomoa plagi ya ukutani kisha wanaacha kebo ya mtandao. Radi inapitia kwenye kebo hiyo, inachoma tundu la mtandao, na siku nyingine inaua ubao wote. Mvua ikianza kunguruma, chomoa vyote viwili.

Nakaguaje mazabodi ya mtumba dukani?

Washa tochi ya simu na uilaze karibu sawa na ubao, mwanga upite juu juu. Anza na soketi. Kwa Intel na AM5 pini ziko kwenye ubao: ukitazama kwa pembe zinapaswa kung'aa kwa mistari iliyonyooka kama shamba la chai, na pini moja iliyolala itaonekana kama doa jeusi au cheche iliyokwenda upande. Kwa AM4, soketi ya AMD ya kabla yake, pini ziko kwenye prosesa, kwa hiyo kagua prosesa.

Halafu kapasita. Zenye kichwa bapa ni sawa. Iliyovimba juu, au iliyovuja utomvu wa kahawia chini, ni ugonjwa. Mbao za miaka ya mwanzo ya 2000 ziliugua hivyo kwa wingi kwa sababu ya kapasita mbovu zilizosambaa kiwandani wakati ule. Za sasa hutumia kapasita ngumu zinazodumu zaidi. Geuza ubao, tafuta alama za lehemu iliyoguswa kwa mkono: inang'aa tofauti na majirani zake na mara nyingi kuna mabaki ya njano yenye kunata. Nusa. Harufu ya kuungua haifutiki kwa kusafisha kwa spiriti.

Kisha iwashwe mbele yako. Mbao nyingi za kisasa zina taa nne ndogo zinazoonyesha kama kukwama kuko kwenye prosesa, RAM, kadi ya picha au diski. Zinapaswa kuwaka na kuzima moja moja, zote zizime. Jaribu kila nafasi ya RAM, moja baada ya nyingine, na kila tundu la USB. Muuzaji akinuna kwa sababu ya dakika kumi, mwache na mazabodi yake.

Ni kampuni gani haijawahi kuboronga?

Hatuijui. Mwaka 2023 peke yake ulitosha. Aprili, Ryzen 7000X3D zilianza kuungua kwenye mbao za AM5, na picha zilizosambaa zaidi zilikuwa za ASUS. AMD ikaweka kikomo cha volti 1.3 kwenye sehemu ya prosesa iitwayo SoC, na kampuni zote zikatoa BIOS mpya. Mei, watafiti wa usalama wakaonyesha kwamba BIOS ya modeli zaidi ya 270 za Gigabyte ilikuwa inapakua programu kwa njia isiyo salama. Mwezi huo huo funguo za siri za MSI zikavuja mtandaoni baada ya kudukuliwa. Mwaka 2025 zamu ikawa ya ASRock, kwa malalamiko ya Ryzen 7 9800X3D kufa kwenye mbao zake. Na Intel wenyewe walilazimika kutoa marekebisho mwaka 2024 kwa prosesa za kizazi cha 13 na 14 zilizokuwa zinajiharibu kwa volti kubwa, pamoja na kuongeza miaka miwili ya waranti.

Tunachotazama ni kasi ya kurekebisha. Ukinunua i7 au i9 ya kizazi cha 13 au 14 ya mtumba, BIOS mpya iwe jambo la kwanza, kabla hata ya kuweka Windows.

Basi kila BIOS mpya niisakinishe?

Kama mashine iko sawa na hakuna tatizo la usalama lililotangazwa, iache. Sasisha ukiwa na sababu: prosesa mpya, hitilafu inayojulikana, au onyo kama hayo ya juu. Ukisasisha, UPS iwe imejaa. Umeme ukikatika katikati, ubao unaweza kubaki jiwe.

Ndiyo maana tunapenda mbao zenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa fleshi bila prosesa wala RAM. ASUS huiita BIOS FlashBack, Gigabyte Q-Flash Plus, MSI Flash BIOS Button. Hata sasisho likifa njiani, unarudia. Kwa nchi yenye umeme kama wetu, kitufe hicho kina faida kuliko taa za rangi saba.

Intel au AMD, ipi inanipa miaka mingi kwenye mazabodi moja?

Kwa historia, AMD. Soketi ya AM4 ilitoka 2016, na mwaka 2022 hata mbao za kwanza za A320 na B350 ziliruhusiwa kupokea Ryzen 5000, mtengenezaji akitoa BIOS. Mtu aliyenunua B350 na Ryzen ya kwanza aliweza kuweka Ryzen 5 5600 bila kubadilisha kitu kingine. AM5 ilianza 2022, na AMD imeahidi kuiendeleza hadi 2027 na zaidi. Intel hubadilisha soketi mara nyingi: LGA1700 ilibeba vizazi vya 12, 13 na 14, kisha Core Ultra 200S zikaja na LGA1851 mwishoni mwa 2024.

Kwa Uganda kuna upande wa pili. Prosesa za Intel za mtumba zimejaa, kwa sababu mashine za ofisi nyingi ni Intel. Kipuri kinachopatikana leo jioni kina thamani yake.

Kwa prosesa ya Intel, chipseti ya H610 inatosha, au nilipie B760?

Kwa i3 na i5 za kawaida, H610 inatosha. Ina nafasi mbili tu za RAM kwenye mbao nyingi, na mabati ya kupoza sakiti ya umeme mara nyingi hayapo. Kwa i7, kwa kazi za saa nyingi za video, au kama unataka nafasi nne za RAM, lipia B760. Angalia pia kama ubao ni wa DDR4 au DDR5, maana zote mbili zipo kwa jina linalokaribiana na RAM haziingiliani.

Windows 11 itakubali?

Inataka TPM 2.0 (sehemu ya usalama inayotunza funguo za siri), na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au Ryzen 2000 kwenda juu. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha 14 Oktoba 2025. Mbao nyingi tangu kizazi cha 8 zina TPM ya ndani ila huenda imezimwa: kwenye BIOS tafuta PTT kwa Intel, fTPM kwa AMD, uiwashe. H61 na H81 hazimo. Huko Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, inaishi vizuri.

Kompyuta inasema ni mwaka wa zamani na tovuti hazifunguki. Mazabodi inakufa?

Hapana. Ni betri ya CR2032, ile ya duara kama sarafu. Ikiisha, saa hurudi nyuma kila umeme ukikatika, na tovuti salama hukataa kompyuta yenye tarehe ya uongo. Inauzwa hata kwa wauza saa. Wateja wameletewa makisio ya mazabodi mpya kwa ajili ya betri hii, na hilo linatukera.

Ninunue Nairobi au niagize Dubai?

Luthuli Avenue na mitaa ya jirani Nairobi ina chaguo kubwa, na wa Busia na Malaba hawahitaji kushawishiwa. Ila hesabu nauli, ushuru unaodaiwa, na swali la nani atarudisha ubao ukifa. Tofauti ya bei ikiwa ndogo, nunua kwa mtu unayeweza kumwendea kwa boda. Kwa modeli ambazo Kampala haina kabisa, agiza, na muuzaji akutumie video ya ubao ukiwaka pamoja na namba ya mfululizo ikionekana.

Mazabodi imekufa. Itengenezwe au nibadilishe?

Tundu la USB lililong'oka, kapasita moja iliyovimba, chipu ya BIOS iliyoharibika: tengeneza, fundi mzuri wa lehemu anamaliza siku moja. Tundu la mtandao lililochomwa na radi: usihangaike, weka kadi ya mtandao ya kuchomeka. Sakiti ya umeme ya prosesa ikiungua na kuacha shimo kwenye ubao, au chipseti ikifa, badilisha. Fundi akikuambia atairudisha kwa kuipasha moto kwa hewa ya joto, mwulize itadumu muda gani na kama atakupa hilo kwa maandishi. Na kabla ya kununua nyingine, jaribu pawasaplai yako kwenye mashine ya bei ndogo, kwa sababu iliyoua ubao wa kwanza inaweza kuwa bado inangoja wa pili.